Mfupa wa samaki kwenye ukuta wa mashine

(Maneno yaliyosemwa kwa jina la komite katika mkutano mkuu wa chama)



Tumeombwa tueleze ule mchoro wa makaa ulio kwenye ukuta wa nyumba ya mashine. Watu wanapita, wanauangalia, wanauliza nani amechora samaki pale. Wengine wanasema ni watoto. Ni sisi komite, na ilituchukua alasiri tatu. Leo tutasema ni kitu gani, na kwa nini tulichelewa hivi kuuchora.

Wote mnajua mashine ile ilitokea wapi. Wengi wetu tulirudi kutoka kambi za Tanzania kuanzia 2005, meli inatutoa Kigoma na kutushusha Baraka, tukakuta mashamba yamekuwa pori, na kusaga ni kwa kinu na mchi. Miaka ikapita hivyo. Siku chama kilipopata msaada wa kununua mashine ya kusaga, mama zetu walicheza mpaka usiku. Hatujasahau, na tutakayosema leo hayaondoi shukrani ile.

Siku ya ajali ilikuwa siku ya tatu ya kazi, karibu saa kumi na mbili ya jioni. Mama mmoja, mwanachama wetu (jina hatulitaji, yeye mwenyewe aliomba hivyo), alikuwa kwenye mstari na ndoo yake ya mihogo mikavu. Aligeuka kumwita mtoto wake. Pembe ya kikwembe ikashikwa na mkanda unaotoka kwenye moteri kwenda kwenye kinu cha mashine. Mkono ukafuata kikwembe. Mwendesha mashine alikimbia kuzima moteri, lakini moteri ya mazutu haisimami mara moja, ina gurudumu zito linaloendelea kuzunguka hata mafuta yakikatwa. Mama alipona. Mkono wake wa kuume haukupona: vidole vitatu havifungi, na jembe hawezi kulishika mpaka leo.

Komite ilikutana usiku ule ule. Tunataka mjue mkutano ulichukua muda gani. Haukufika nusu saa. Swali lilikuwa moja tu: nani alikuwa kwenye mashine? Jibu lilikuwepo, mtu alikuwepo, na asubuhi tukamwambia arudishe ufunguo. Kijana yule ni wa hapa hapa, wa familia ambayo haikukimbia vita. Mnajua maneno yanayozunguka kati ya «waliobaki» na «waliorudi», nani alikula shamba la nani, nani alipewa msaada na nani hakupewa. Hakuna aliyeyasema maneno hayo usiku ule. Lakini tukijiuliza leo kama tungemfukuza haraka namna ile angekuwa mtoto wa mmoja wetu, tunainamisha macho.

Katika ripoti ya kila miezi mitatu kuko nafasi ndogo iliyoandikwa «Matatizo na hatua zilizochukuliwa». Tuliandika kwamba mwendesha mashine alifanya uzembe na amefukuzwa. Sentensi moja. Ripoti ilipokelewa vizuri.

Tukaweka mwendesha mashine mwingine, mtu wa kwetu, mtulivu, asiyekunywa. Miezi minne haijaisha, kikwembe cha msichana mmoja kikashikwa pale pale, kwenye mkanda ule ule. Safari hii kitambaa kilikuwa kimechakaa, kikapasuka, msichana akabaki na hofu na nusu ya kikwembe. Njo pale tulipatwa na haya. Kama uzembe ulikuwa wa yule kijana wa kwanza, tulikuwa tumeshaufukuza. Sasa ulirudi namna gani?

Mwanachama mmoja, aliyekuwa zamani katika komite ya maji kambini, akasema huko walifundishwa namna ya kutafuta chanzo cha jambo kwa kuchora samaki. Tulicheka kidogo. Akachukua kaa la moto lililozimika, akaenda ukutani.

Mchoro ni hivi. Upande wa kuume unachora kichwa cha samaki. Ndani ya kichwa unaandika jambo lililotokea. Kutoka kichwani unavuta mstari mrefu kwenda kushoto, ule ni uti wa mgongo. Kwenye uti unatoa mifupa mikubwa, juu na chini, na kila mfupa ni upande mmoja ambako sababu inaweza kutokea: watu, mashine yenyewe, vitu vinavyotumika, namna ya kufanya kazi, mahali. Kisha kwenye kila mfupa mkubwa unatoa miiba midogo, na kila mwiba ni sababu moja, na mwiba unaweza kuzaa mwiba mwingine. Sisi watu wa ziwa hatuna shida ya kuelewa. Kila mtu aliyekula mgebuka anajua mifupa inavyokaa.

Mchoro huu ulienezwa na profesa mmoja wa Japani, Kaoru Ishikawa, aliyezaliwa 1915, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, na watu wengi wanauita kwa jina lake. Aliutumia kusaidia wafanyakazi wa viwanda, si wakubwa peke yao, kukaa pamoja na kutafuta kwa nini kazi inaharibika. Ndiyo maana unachorwa mahali kila mtu anapouona.

Tuligombana kwanza juu ya kichwa. Mmoja wetu akaandika ndani yake «uzembe». Yule wa komite ya maji akafuta kwa kiganja, akasema kichwani kunaingia kile macho yaliona tu. Tukaandika: kikwembe kilishikwa na mkanda. Mtaona ni kitu kidogo, lakini alasiri nzima iligeuka pale. Ukiandika uzembe kichwani, mifupa yote itamtafuta mzembe. Ukiandika kikwembe na mkanda, inabidi uende kuangalia mkanda.

Tukaenda kuangalia. Mashine ilipoletwa ilikuwa na kifuniko cha chuma juu ya mkanda, kimefungwa kwa bolti nne. Kipo kwenye picha za siku ya kufungua. Sasa kilikuwa kona ya nyumba, kuku anatagia ndani. Nani alikitoa? Mwendesha mashine wa sasa akasema alikikuta pale. Basi hakuna aliyeweza kutueleza isipokuwa yule tuliyemfukuza.

Tulimtumia neno mara mbili, hakuja. Mara ya tatu walienda wazee wawili, mmoja wa waliobaki na mmoja wa waliorudi. Akaja, akasimama mlangoni, hakukaa. Tukamwomba atuambie tu kazi ilivyokuwa inaenda, toka asubuhi mpaka jioni.

Hapa tueleze kitu cha pili tulichotumia, juu kinaenda pamoja na samaki. Ni kuuliza «kwa nini» bila kuridhika na jibu la kwanza. Mnaona Toyota zinazopanda barabara zetu mbovu kila siku. Katika kiwanda cha Toyota kulikuwa na mkubwa wa kazi aliyeitwa Taiichi Ohno. Alifundisha watu wake kuuliza kwa nini mara tano, na mfano wake ulikuwa wa mashine iliyosimama. Kwa nini imesimama? Ilizidiwa na kazi, fyuzi ikaungua. Kwa nini ilizidiwa? Beringi haikupata grisi ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta ya kulainisha haikusukuma vizuri. Kwa nini? Chuma cha katikati ya pampu kimelika. Kwa nini kimelika? Hakukuwa na chujio, vipande vya chuma vikaingia. Mtu anayesimama kwenye jibu la kwanza atabadilisha fyuzi, na kesho itaungua tena. Sisi tulibadilisha fyuzi. Fyuzi yetu ilikuwa mtu.

Kijana akasema: kifuniko nilikitoa mimi. Mwezi mmoja kabla, tungesikia neno hilo tu na kufunga mkutano. Tukauliza kwa nini. Akasema mkanda ulikuwa unateleza, mara tano, mara sita kwa siku, na kila ukiteleza lazima uukaze, na kuukaza lazima ufungue bolti nne, na spana ilikuwa moja tu, tena mara nyingine imeazimwa na mwenye pikipiki. Kwa nini mkanda uliteleza? Si wa kipimo cha mashine ile. Ule wa kwanza ulikatika, komite ikanunua mwingine. Kwa nini mkanda wa kipimo kingine? Komite ilimtuma mtu aliyekuwa anaenda Uvira kwa mambo yake, bila kumpa ule wa zamani apime, na akaambiwa achukue wa bei ndogo. Kwa nini wa bei ndogo? Hatukuwa na pesa ya matengenezo. Kwa nini? Tulipoweka bei ya kusaga ndoo moja tulihesabu mazutu na mshahara, hatukuhesabu kitu kitakachoharibika.

Mwiba huo mmoja ulianza kwenye mfupa wa mashine na ukaishia kwenye meza yetu. Mama mmoja aliyekuwa anatazama akasema samaki wenu amekosa mfupa, ongezeni mmoja muandike «komite». Kulikuwa kimya. Tukauongeza. Ni ule wa chini karibu na kichwa, kwa sasa ndio wenye miiba mingi kuliko yote.

Mifupa mingine tutaipita haraka. Mahali: nyumba ina mlango mmoja, kwa hiyo mstari wa watu unapita kando ya mkanda, hakuna njia nyingine. Ramani ya kwanza ilikuwa na milango miwili, tukaondoa mmoja mabati na mbao vilipopanda bei. Watu: mama wanatoka shambani saa kumi, wote wanafika pamoja, na jioni ndani ya nyumba kuna giza. Namna ya kazi: mwendesha mashine alilipwa kwa hesabu ya ndoo, kila dakika ya kusimama inamla yeye. Tena moteri inawashwa kwa manivela. Mnaojua manivela mnajua, ikiwa moto inakataa, na ikirudi nyuma inavunja mkono wa mtu. Kwa hiyo hakuzima moteri kukaza mkanda, alikaza ikitembea. Alituambia hayo bila hasira. Alisema pia kwamba alikuja mara mbili kwa mwekahazina kuomba mkanda mzuri, na mwekahazina akamjibu avumilie. Mwekahazina alikuwepo. Akasema ni kweli.

Mzee mmoja akasema sisi tunajisumbua, mashine ile ina mkono wa mtu, haiwezekani ishike mama wawili mahali pamoja. Hatukumcheka. Kwetu hapa neno kama hilo likipata jina la mtu, linachoma nyumba. Tuliliandika pembeni, tukamuuliza mzee kwa heshima: hata kama kuna aliyetuma, alipitia wapi? Mzee akafikiri, akasema, alipitia pale pasipo na kifuniko. Basi tukakubaliana kwamba pale lazima pafungwe, kwa vyovyote vile. Jina la mtu halikutajwa, na mpaka leo halijatajwa.

Neno lingine lililotusumbua zaidi kuliko lile ni «umaskini». Lilikuja kwenye kila mfupa. Ni kweli sisi ni maskini, na vita haijatuacha. Lakini ukiandika umaskini kwenye mwiba, umeufunga, hakuna mtu atakayeondoka pale na kazi ya kufanya kesho. Tulijiwekea sheria: neno ambalo komite haiwezi kulishika kwa mkono linapewa «kwa nini» moja zaidi. Umaskini wa pesa ya mkanda ukageuka kuwa bei ya ndoo iliyohesabiwa vibaya. Hiyo tunaweza kuishika.

Mtu asidhani mambo haya ni ya vijiji kama vyetu. Tarehe 6 mwezi wa tatu 1987, meli kubwa ya Waingereza, Herald of Free Enterprise, ilitoka bandari ya Zeebrugge kule Ubelgiji na milango yake ya mbele wazi. Maji yakaingia kwenye ghorofa ya magari, ikalala ubavu kwa dakika chache, watu 193 wakafa. Aliyetakiwa kufunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Rahisi sana, sivyo? Lakini waliochunguza waliendelea kuuliza. Wakakuta nahodha, kule juu anapoongozea, hawezi kuiona milango, na hakuna taa ya kumwambia kama imefungwa. Wakakuta manahodha walishaomba taa hiyo, na wakubwa wa kampuni wakaona haina haja. Wakakuta haraka ya kutoka bandarini kwa saa. Lawama ya uchunguzi ule ilipanda mpaka ofisini. Sisi watu wa ziwa Tanganyika, ambao kila mwaka tunazika watu wa mitumbwi iliyopakia kupita kiasi na kumlaumu nahodha peke yake, tungeweza kukaa na hadithi hiyo muda mrefu.

Sasa neno kwa wafadhili wetu, na tunalisema kwa adabu, kama mtu anavyomwambia shemeji. Mwiba mmoja wa mfupa wa komite unatoka nje ya ukuta wetu. Msaada wa mashine ulikuwa na nafasi ya kununua, ya kujenga, na ya sherehe ya kufungua. Ya matengenezo haikuwepo, wala ya mafunzo baada ya wiki ya kwanza. Tuliambiwa lazima yote yaishe kabla ya mwaka wa hesabu kufunga, njo maana mlango wa pili haukungojea mabati ya bei nzuri. Hatukusema kitu wakati ule. Tuliogopa mtaona hatushukuru. Kwa hiyo kuna miiba miwili pale: mmoja wenu wa kutouliza, mmoja wetu wa kunyamaza. Na ile nafasi ndogo ya kwenye ripoti, tunaomba iwe ukurasa. Safari hii tumewatumia picha ya ukuta wote.

Tuliyofanya mpaka leo hayakula pesa nyingi. Kifuniko kimerudi, na fundi wa milango amekiwekea bawaba upande mmoja na komeo upande mwingine, kinafunguka bila spana. Mkanda wa kipimo umenunuliwa, na wa akiba umetundikwa. Bei ya ndoo imepanda kidogo, mlilalamika, na sasa mnajua ni ya nini. Ukuta wa nyuma umetobolewa mlango, mstari hauingii tena upande wa mkanda. Mwendesha mashine analipwa kwa mwezi. Moteri inazimwa kabla ya kufungua kifuniko, hata kama watu wanapiga kelele, na wanapiga kweli. Kuko daftari imefungwa kwa kamba mlangoni, kila anayeona kitu kibaya anaandika ao anamwambia mtoto wa shule amwandikie. Wiki ya kwanza waliandika juu ya kuku. Kuku ameondolewa.

Kijana tuliyemfukuza, tulimwomba msamaha mbele ya watu, siku ya soko, na baba yake amesimama kando yake. Ripoti mpya kwa wafadhili inasahihisha ile sentensi. Tukamwomba arudi kazini. Alisema msamaha anaupokea, kazi hapana, ameshapata pikipiki ya kuendesha kwa mtu mwingine. Alikubali kuja jumamosi mbili kumwonyesha mwenzake namna ya kusikiliza mkanda kabla haujateleza. Alikuja zote mbili.

Inabaki jambo moja, na mama mwenyewe ametupa ruhusa ya kulisema. Komite ilimwambia atasagiwa bure maisha yake yote. Akatujibu kwamba mtu asiyeshika jembe hana mihogo ya kuleta kusaga. Anachotaka ni ada ya shule ya binti yake, anayemaliza darasa la sita mwaka huu, ili aendelee sekondari. Tumehesabu. Pesa ya chama haitoshi kwa miaka yote, inatosha kwa mwaka wa kwanza tukisimamisha ujenzi wa ghala. Wengine kati yetu wanataka ghala liendelee. Tumeandika kwenye ukuta, chini ya samaki, «ada ya mtoto», na mbele yake hakuna kitu bado. Shule zinafunguliwa mwezi wa tisa. Mkutano huu usivunjike kabla hatujapiga kura juu ya jambo hilo. Makaa yako hapa mezani, atakayeandika jibu ni katibu.